Kampuni ya magemu imefungwa Japani, nikapewa pole ya kazi Ng'ambo, Tabora

Wakuu, habari za kushinda.

Kwa muda mrefu humu nimekuwa wa kusoma na kupita. Leo natoa la kwangu. Yote ninayoandika yametokea. Kama kuna uongo ndani yake ni wa baba yangu mdogo, na tukifika pale unapoanzia nitawaonyesha.

Mimi ni mtu wa Tabora. Shule niliiacha kidato cha pili. Hawakunifukuza, niliona tu wanachelewa kufika kwenye mambo niliyotaka kujua. Tangu hapo nimepakia tumbaku Urambo, nimefuata asali Usinge, nimenyoa watu mpaka mteja mmoja akajitazama kwenye kioo akakataa kulipa, na nikamwelewa. Sikai sehemu moja.

Kitu ambacho sijawahi kukiacha ni gemu.

Wa rika langu mnakumbuka mabanda ya gemu. TV ya chogo, mashine ya kaseti, na benchi moja la watu wanane wanaokuelekeza namna ya kucheza. Banda letu pale Ng'ambo lilikuwa na gemu ya mtu mdogo mwenye mzigo kichwani. Anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mito, anakwepa chui. Akijikwaa, mzigo unaanguka kwanza, yeye anafuata.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Sisi tulimwita Mpagazi. Hakuna aliyetufundisha. Tulijionea wenyewe kwamba huyu ni Mnyamwezi, katoka Tabora na anaelekea pwani.

Nilipopata simu yenye intaneti ndipo nikajua kampuni iliyomtengeneza (jina silitaji, mods wasije kudhani nimelipwa) inasema ni mbeba chumvi wa milimani kwao. Nikaona hawa watu hawajui hata walichotengeneza. Nikaanza kuwafuatilia.

Wakuu, ile kampuni ina historia. Ilianza kwa kutengeneza ndoo za plastiki. Mwanzilishi alikuwa na mtoto asiyependa kuoga, akamtengenezea ndoo yenye kijigemu cha maji ubavuni, unabonyeza kitufe samaki anaruka. Mtoto akaendelea kutooga, ila ndoo haikumtoka mkononi. Kutoka pale wakaingia kwenye magemu na ndoo wakaziweka pembeni.

Nikafungua peji ya Kiswahili. Habari zao, historia yao, kila kaseti waliyowahi kutoa. Programu ya kwenye simu inageuza Kijapani kuwa Kiswahili cha mtu mwenye homa, mimi nakaa nakinyoosha.

Habari kubwa kuliko zote ilikuwa Mpagazi wa tatu. Kwenye gemu ya kwanza anatoka kijijini. Ya pili anavuka jangwa. Ya tatu ndiyo iliahidiwa kwamba anafika baharini na anatua mzigo. Kila mwaka Kampuni ilikuwa inasema iko mbioni. Kila mwaka mimi naandika: "Tuko mbioni."

Hapo kwenye "tuko" mtulie kidogo. Mnajua shabiki wa mpira anavyosema "tumesajili straika", na yeye kiti cha plastiki nyumbani hana. Na mimi ndivyo nilivyokuwa naandika. Tumetangaza, tumeahirisha, tunaomba radhi. Na picha ya peji niliweka nembo ya Kampuni. Wafuasi wangu wengi walikuwa wa hapa hapa mjini, na mmoja alinitumia ujumbe kuuliza kama tuna nafasi za ulinzi.

Basi nikapendana na Salma.

Salma anashona vifungo na darizi kwenye duka la baba yake, Mzee Idrisa, fundi wa kanzu pale Ng'ambo. Yeye alijua kazi yangu ni kibarua na peji ni mapenzi tu. Wazazi wangu wako Usinge wanalima, kwa hiyo posa ilipelekwa na baba mdogo Kassimu anayekaa hapa mjini.

Baba mdogo Kassimu ni dalali wa viwanja. Chumba chenye dirisha kwake ni nyumba ya kisasa. Shimo la taka ni eneo lenye nafasi ya kuegesha gari.

Na kama mnavyojua, siku ya posa muoaji haendi. Nilikaa kwangu nikisubiri. Akarudi anatabasamu, harufu ya pilau imemtangulia.

"Wamekubali," akasema.

"Umewaambia nafanya kazi gani?"

"Nimewaambia ukweli."

"Upi?"

"Kwamba wewe ni mwakilishi wa kampuni ya Japani, kanda ya magharibi."

Wakuu, ni hapa.

"Baba mdogo, mimi si mwakilishi wa mtu."

"Kuna mwingine Tabora hii anayetoa taarifa zao?"

"Hakuna."

"Kigoma je?"

"Sidhani."

"Sasa nimekosea wapi?"

Nikamwambia arudi akaseme vizuri. Akanitazama kwa huruma. "Hamisi, udalali nimeuanza hujazaliwa. Sijawahi kurudi kwa mteja kumwambia ile nyumba ina ufa."

Nikamweleza Salma. Alicheka mpaka akaweka sindano chini. Kisha akasema baba yake ana presha, tumtafutie siku nzuri ya kumwambia. Siku nzuri haikuja. Zilikuja redio mbovu.

Maana Mzee Idrisa alishatangaza msikitini. Watu wakaanza kuniletea pasi, feni, friji moja iliyotengenezwa nchi nyingine kabisa. "Ninyi Wajapani mnajuana," akasema mwenye friji. Mzee mwenyewe akanikabidhi cherehani yake ya zamani irudishwe Kampuni ikaangaliwe. Niliibeba kichwani kupita mitaa ya Ng'ambo mpaka kwa fundi wa sokoni, nikalipa kwa hela ya kibarua. Mzee akasema Wajapani hawana mchezo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba mzee aliipenda peji. Alikuwa anavaa miwani anasoma kila posti. Ya mtoto asiyeoga aliwasimulia wateja mpaka kanzu za watu zikachelewa. Nikipita dukani kumsalimia, kabla sijamaliza shikamoo:

"Marahaba. Yule wenu ameshafika pwani?"

"Bado, mzee. Tuko mbioni."

"Babu yangu alitoka hapa akaenda Bagamoyo na kurudi, kwa miguu, na mzigo wa kweli. Huyu wenu anashindwa nini, naye yumo ndani ya TV?"

Wakuu, hilo ni swali la Kampuni. Na Kampuni yenyewe haikulijibu.

Ndoa ikapangiwa Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa Isikizya, napaka rangi ukuta wa nyumba ya mtu. Mapumziko ya chai nikafungua simu, nikakuta tangazo. Nikalitafsiri, nikalinyoosha, nikalirudia. Kampuni inaacha magemu. Mpagazi wa tatu amefutwa. Wataendelea na bidhaa za plastiki za nyumbani.

Ndoo.

Nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi. Nikainuka, nikasimama.

Kwa Kiswahili hakuna aliyekuwa ameandika. Nikiandika, Mzee Idrisa atasoma, na kwa hesabu zake mkwe amepoteza kazi wiki ya harusi. Nisipoandika, naoa.

Nikampigia baba mdogo. "Nyamaza mpaka Jumamosi," akasema. "Wajapani watakuja kusimamisha ndoa?"

Nikampigia Salma, nikamwambia habari na nikamwambia ushauri wa baba mdogo.

"Umeandika za ndoo, umeandika za mtoto asiyeoga," akasema. "Hii ndiyo uifiche? Ukiificha, mimi nitakuwa nimeolewa na dalali."

Nikaandika palepale, vidole vina rangi. Historia yote, kuanzia ndoo mpaka ndoo. Mstari wa mwisho nikaandika: "Tumefunga. Mpagazi hatafika." Nikazima simu maana nilijua itanisumbua, nikamalizia ukuta.

Jioni nafika kwangu, nakuta viatu mlangoni. Ndani mkeka umetandikwa, majirani wameketi, sauti zimeshuka kama msibani. Mwenye friji yupo. Sinia la mchele na sukari limefunikwa kitambaa. Mzee Idrisa yuko katikati.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana kwa kazi."

Watu wakaitikia: pole, pole.

Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo Kassimu akakohoa pembeni. "Asanteni kwa kuja. Ila msiwe na wasiwasi. Wakorea walikuwa wanamtaka siku nyingi."

Nikamwomba Mzee Idrisa tutoke uani. Pale kwenye kamba ya kuanikia nguo nikamwambia yote. Sijawahi kuajiriwa na Wajapani. Peji ni yangu. Cherehani ilitengenezwa sokoni. Kazi yangu kwa sasa ni kupaka rangi Isikizya, na ikiisha natafuta nyingine.

Alivua miwani akaifuta na kanzu.

"Hawajakulipa hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na wao wanajua kama upo?"

"Hapana, mzee."

"Miaka yote ile unasema tuko mbioni, wewe na nani?"

Nikajua ndoa imeondoka. Alinitazama mikono, rangi imekaukia kwenye kucha, akawa anatazama tu.

"Salma anajua?"

"Tangu mwanzo."

"Basi mjinga nilikuwa peke yangu," akasema. Akavaa miwani. "Na yule kweli hafiki?"

"Nani, mzee?"

"Mpagazi, bwana! Kweli wamemuacha njiani na mzigo?"

"Wamemuacha."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Nadhani lile ndilo lililomuuma kuliko langu. Kisha akasema, "Sikiliza. Rangi ni kazi, ungeisema ningekuelewa. Duka langu ukuta umebabuka, kesho asubuhi uje. Ila mimi msikitini nilishasema, na sirudi kwa watu kusema nilidanganywa na Kassimu."

"Sasa tuwaambie nini?"

Akafikiri. "Umestaafu."

"Mzee, nina miaka thelathini."

"Wajapani wanaanza kazi mapema."

Akaingia ndani mbele yangu akatangaza: kijana hakufukuzwa, amestaafu kwa heshima, harusi iko palepale. Mwenye friji akanipa mkono. Baba mdogo akasema hata Wakorea wataelewa.

Ijumaa nikaoa. Mshereheshaji alinitambulisha kama mstaafu wa kampuni ya Japani, ukumbi ukapiga makofi, na Salma alificha uso kwenye mtandio mabega yanatikisika.

Duka la mzee sasa hivi lina rangi ya maziwa, nimelipaka mwenyewe. Peji sijaifunga. Chini ya ile posti ya mwisho kuna komenti ya Mzee Idrisa, ameiandika kwa herufi kubwa tupu: "AMEFIKA. BABU YANGU ALIMKUTA BAGAMOYO." Katika miaka yote ya peji ile, hakuna nilichoandika mimi kilichopata laiki nyingi namna hiyo.

Nilichojifunza: ukimtuma dalali akakuposee, utaoa, lakini ujue bwana harusi aliyemnadi ni mtu mwingine, na itabidi uishi naye nyumba moja. Mimi ukweli nimeusema, tena kwa mdomo wangu. Mtaani hakuna aliyeutaka.

Karibuni kwenye komenti. Mwenye kumbukumbu ya banda lake na gemu yake aiweke hapa, nataka kujua huko kwenu Mpagazi mlimwitaje. Swali lolote nitajibu, isipokuwa la mafao. Hilo wananiuliza kila siku hapa Ng'ambo, kama yametoka, na mwenye friji ameshaniomba nimkopeshe yakitoka.