Ndiva Ikihama, Waambie Watu

Nakumbuka mlio wa pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mlio ule mzito unaoshuka mlimani na kuingia mpaka jikoni uji ukiwa bado motoni. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: kwetu milimani kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asubuhi ile udongo ulikuwa umeporomoka, na ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikabidi ijengwe upya ng'ambo ya korongo. Ilipokamilika, Mama Nakijwa, msimamizi wa maji, alikwenda kusimama kwenye ndiva ya zamani. Kila aliyefika alimwambia, "Hapa tumehama. Nenda kule, na kesho anzia kule kule." Alisimama pale mpaka miguu ya watu ilipoizoea njia mpya.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya tovuti, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe bado naitwa binti, maneno yale niliyaelewa vizuri mbele ya kompyuta.

Niliishia kidato cha nne, nikajifunza kutengeneza tovuti kwenye duka la intaneti mjini Same. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha kina mama wanaouza tangawizi, mwenyekiti wao Mama Nakijwa huyo huyo. Tulikuwa tumejibanza ndani ya anwani ya duka. Kikundi kilipopata anwani yake, mwenye duka akasema mavuno yakiisha ataizima ile ya zamani. Na wanunuzi wa Moshi na Tanga walikuwa wanaijua hiyo tu. Wakitupotea, tangawizi itaozea stoo.

Eliudi, fundi mwenzangu, akacheka. "Dada, unahangaika nini? Andika upya anwani ndani kwa ndani. Mtu anaingia kwa ile ya zamani, seva inamletea ukurasa mpya kimyakimya. Nani atajua?"

"Ndiyo shida yenyewe," nikasema. "Hatajua. Juu ya kioo ataendelea kusoma jina la zamani mpaka siku litakapozimwa. Mimi nataka mtu wa kusimama pale."

"Asimame ndani ya seva? Atakula nini?"

Mama Nakijwa, aliyekuja kuulizia kazi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Msimamishe, mwanangu. Ila mpe kiti. Mimi sikupewa."

Basi nikaweka maelekezo. Aliyefika anwani ya zamani aliambiwa tumehama kabisa, kivinjari kikampeleka kwenye mpya, na jina jipya likakaa juu akilisoma. Mnunuzi wa Tanga akapiga simu: "Kumbe mmepata kwenu? Nimeshalihifadhi jina."

Mbinu ya Eliudi nayo haikutupwa. Kurasa zetu zilikuwa na anwani ndefu zenye namba na alama za kuuliza. Tukaziandika upya ndani kwa ndani: mgeni anaandika "tangawizi-kavu", seva yenyewe inajua ukurasa huo uko chumba gani.

Aulizaye njia hapotei, mwanangu, ila si kila mgeni anajua kuuliza. Ukihama, mwelekeze, na uache maelekezo mpaka azoee. Ukiwa umepanga upya vyombo vya jikoni tu, mletee chakula pale alipokaa, usimzungushe nyumba nzima.

Mungu akupe mikono ya kujenga, na moyo unaomkumbuka aliye njiani.

Siku anwani ya zamani ilipozimwa, nilibaki stoo peke yangu. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika jina letu jipya kwa herufi kubwa kwenye gunia la kwanza la kwenda Tanga.