Pua ya Malkia

Wietse hakulala vizuri, na hata kahawa ya klabu ya wakusanya sarafu pale Leeuwarden, Uholanzi, aliiacha ipoe. Mfukoni alikuwa na guilda, sarafu ya fedha ya zamani ya huko, ya marehemu baba yake. Upande mmoja kichwa cha malkia kimeinuka kama kawaida. Upande wa pili kichwa kilekile, ila kimezama na kutazama kinyume, kama alama ya mguu kwenye matope.

Baba yake, Sipke muuza maziwa, alijulikana kwa jambo moja tu: uongo. Akisema mvua inanyesha, watu huchungulia dirishani kwanza. Guilda hiyo alidai alirudishiwa chenji dukani kwa muuza mikate, imetoka kiwandani hivyohivyo. Watu walimcheka mpaka anaingia kaburini. Aliyemwamini ni Wietse peke yake, na leo alitaka mjuzi atamke mbele za watu kwamba mzee alisema kweli.

"Kaileta ya kubanwa kwa jiliwa, lile bano la chuma la fundi!" Durk, jirani yake, akapayuka, keki imemjaa mdomoni. "Sipke aliibana na nyingine, akatuuzia muujiza!"

"Kula keki yako wewe!" Wietse akamjibu, akaitoa guilda na kuiweka mezani.

Mama Jeltje, mkaguzi wa klabu, akaweka lenzi jichoni. "Sikiliza, mwanangu. Kiwandani sarafu ikinasa kwenye mhuri, inayofuata hupigwa juu yake, ikatoka hivi. Lakini mtu akizibana mbili kwenye jiliwa, kichwa kilichoinuka hupondwa na chuma, pua ikalala. Basi tutazame pua."

Akageuza. Akageuza tena. Wietse akainama juu ya meza. Sema basi, mama, sema!

"Pua haipo."

"Nilisema mimi!" Durk akadakia.

"Ebu ngoja! Na herufi za ukingoni zimelika pia, huku na huku. Hii imesuguliwa. Kama ilipondwa kabla ya hapo au la, siwezi kujua tena, wala hakuna atakayejua. Nani alikuwa akiing'arisha?"

Kila Ijumaa, siku ya kusugua vyombo vya shaba na fedha, Wietse alianza na guilda ya baba. Dawa, kitambaa, asugue mpaka ajione. Ndivyo alivyomkumbuka mzee miaka yote. Maskini wee! Sipke alikuwa na shahidi mmoja tu, pua ile ya malkia, na aliyemfuta ni yule mmoja aliyemwamini.

"Mimi," akasema.