Lutuku Yangu Ndani ya Moteri

Bandugu, lutuku yangu, pombe kali ya mihogo, inashinda ya bamama bote ba Baraka, na ndiyo iliniaibisha. Nilisikia kama kwa Bazungu banachanganyaka pombe na esanse, mafuta ya moteri. Nikawaza: yangu iko na ubaya gani? Nikaimwanga ndani ya moteri ya mutumbwi ya mutoto wangu Wilondja, bila kumuambia, ili mafuta iongezeke.

Tukiwa njiani ya Lweba, moteri ikakohoa, ikazima katikati ya ziwa. Batoto bakalia. Lutuku yangu sikuiwazia hata kidogo, maana kitu ya mikono yangu haiharibikake. Nikamunyoshea kidole Ramazani, muuzaji wa esanse, aliyekaa kati yetu.

“Mwizi! Umetuuzishia maji, unataka tukufe?”

Abiria nabo bakamutukana. Mudomo wangu ulikuwa unavunja kazi ya muntu.

Wilondja akachota mafuta mu kopo: esanse juu, maji chini. Akanusa ile maji, akamupa Ramazani.

“Mama,” Ramazani akasema pole, “mi niko Muislamu, pombe sijaionja. Lakini hii harufu inaingiaka ku dirisha yangu kila asubui, ikitoka kwako.”

Mutumbwi muzima ukageuka kuniangalia.