Kodi ya Fungu Langu

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, likizo ya kidato cha pili, nikiwa naanika mpunga uani kwetu Ngonga. Babu, mzaa baba, alikuja na bwana kodi kutoka mjini Kyela, wakaketi barazani. Mama alipowaona tu akakimbilia jikoni, nyuma ya nyumba. Kwetu mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, hata mume akiwa amekufa.

Baba alikuwa na ubia na babu katika mashine ya kukoboa mpunga. Alipofariki, fungu lake liliandikwa jina langu, na ndilo lililokuwa linanilipia ada. Sasa bwana kodi anasema mimi bado mtoto, kwa hiyo mapato yangu yatahesabiwa kwa mzazi au mlezi, yajumlishwe na ya kwake, ndipo yatozwe kodi.

Mbele ya wageni huwa sifungui mdomo, lakini hili lilinishinda.

"Yaani ni yangu, halafu yawe ya mama?"

"Kwenye kodi tu, binti. Ukifika miaka kumi na minane utaibeba mwenyewe. Mwite mama aje asaini."

"Haji," babu akasema. "Akija yeye, natoka mimi."

"Kumbe mmegombana?"

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Tutagombanaje? Miaka kumi na sita sijamwona uso!"

Basi nikawa tarishi.

"Mwambie mama yako," babu akaanza, "ana biashara yake ya vitenge vya Malawi. Wakijumlisha, kodi itamuumiza. Iandikwe kwangu, mimi mlezi."

Niliona ni wema mtupu, nikaupeleka. Mama alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Mwambie kodi ikikaa kwake, kesho na keshokutwa baba zako wadogo watasema na fungu ni lake. Wewe utasomeshwa na nini?"

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nikasimama kwenye kona ya nyumba, najiuliza maneno hayo anaambiwaje mzee. Mwishowe nikaenda kupiga goti. "Mama anasema ndaga, babu, asante sana. Lakini ataibeba yeye."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndiyo," nikadanganya, macho kwenye viatu vya bwana kodi.

"Na baba zako wadogo hakuwataja?"

Nikainuka, nikaanza kukung'uta vumbi la magotini.

"Gwe, mjukuu wangu," babu akasema, "mama yako ana akili. Mpelekee kalamu."

Mama alisaini karatasi juu ya ungo uliopinduliwa. Nikamuuliza, hiyo mashine kwani inaingiza kiasi gani? Hajui. Mashineni hakanyagi, babu anashinda pale. Amekubali kulipia kitu asichokijua, na mimi mwenyewe sikijui.

Kesho yake asubuhi nilikwenda mashineni, nikamwomba babu daftari la mapato, nikakaa juu ya gunia la pumba, nikaanza kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza.