Kamba ya Punda Kisimani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa pampu za visima, nikiishi Kitengela na kufanya kazi upande wa Kajiado. Binti yetu, ambaye alikuwa hajaanza shule, alikuwa na kifua kibovu, na daktari alituambia kwamba moshi wa sigara zangu unamzidishia. Nikaanza kuvutia nje. Haikusaidia, nilirudi na moshi kwenye koti, naye akakohoa kila nilipompakata. Mwishowe aliacha kunikimbilia. Alisimama mlangoni kwanza, akanusa, halafu akaamua.

Nilijaribu kuacha kwa kuapa, lakini viapo viliisha kabla ya jioni. Kisha nikasoma, katika kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara Nairobi, kwamba wakimbiaji huzikimbia mbio zao kichwani kabla ya kufika uwanjani. Mwanzoni nilijiwazia kama mtu mwenye mapafu safi, nikitembea kwa raha. Ilikuwa picha nzuri isiyo na faida, kwa sababu haikuwa na pampu ndani yake. Sigara yangu ilikuwa na mahali pake. Nikishawasha injini ya dizeli, maji huchukua muda kupanda, na katika kungoja huko mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Basi kila asubuhi nilikaa kitandani, nikafumba macho, nikaisikia injini, nikauona mkono ukienda mfukoni, nikaurudisha.

Siku moja nilikuta kisimani wanawake wengi na punda wao wamebeba mitungi mitupu. Injini ikanguruma. Hamu ilinijia kali kiasi kwamba nilifumba macho palepale.

"Fundi, unaombea injini?" aliuliza mama mmoja mzee wa Kimaasai, ambaye sote tulimwita yeyo, yaani mama.

Wenzake wakacheka. Mmoja akataka kujua kama nitapitisha na sahani ya sadaka. Nikawaeleza kwamba najizuia nisivute sigara. Yeyo akanihurumia, akafungua kikopo chake cha ugoro na kuninyooshea. Hii, alisema, haina moshi.

Hapo picha zangu zote zikaniacha. Nilikuwa nimejizoeza kukataa sigara, si mkono wa mtu wa umri wa mama yangu, na kule kukataa ugoro uliopewa ni kama kukataa salamu. Nilijua pia kwamba ugoro wa leo ungenirudisha kwenye sigara kesho.

"Yeyo, niko na mtoto mgonjwa wa kifua," nikasema. "Nikivuta, hataki nimshike."

Akafunga kikopo. "Ungesema hivyo kwanza. Nilidhani unanidharau."

Kisha akanitia mkononi kamba ya punda wake. "Shika huyu mpaka maji itoke. Ukimwachilia, mitungi utabeba wewe."

Punda alivuta upande wake, nami nikavuta wangu. Maji yalipotoka nilikuwa bado nimeshika kamba.

Tangu hapo niliiweka kamba ile katika picha yangu ya asubuhi. Sasa mkono ulikuwa na pa kwenda. Pasipokuwa na punda nilishika spana. Nilianguka mara kadhaa mwaka ule, hasa mvua iliponiweka nyumbani bila kazi, kisha nikaanza tena na picha ileile.

Jioni moja niliporudi kutoka kisima cha yeyo, binti yangu alisimama mlangoni kama kawaida yake, akanusa koti.

"Baba, unanuka punda," akasema, na nilipoketi akapanda mapajani.