Unga wa Anselme

Mimi kazi yangu ni dawa, si majini. Nakuambia mapema usije ukadhani mimi ni mtu wa kuokota maneno sokoni. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, jua likiwaka juu ya ziwa, na hadi leo bado najiuliza.

Ilikuwa Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wazazi wangu walikuwa wamerudi kutoka Tabora, nami nikapata kazi katika farmasi moja kwenye barabara ya kwenda Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani. Nyuma yetu kulikuwa na nyumba ya wageni aliyoitunza Selemani, na humo alipanga Anselme, mtoto wa hapohapo mjini aliyesomea kemia Ulaya. Aliporudi baada ya yale mauaji hakukuta mtu wa kwao. Hata mmoja. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi, kwa hiyo hatukumchokonoa kwa maswali.

Alikuwa akija kuazima mizani yetu ndogo. Siku moja nikamwona anapima unga mweupe, kidogo kuliko chumvi inayobaki kwenye ncha ya kidole. Wewe usingeuliza? Mimi niliuliza.

"Iko dawa ya kuona vitu yenye haiko," akasema. "Ile ya zamani watu wanaijua. Hii nimeigeuza kidogo tu, upande moja. Donc, ni kitu ingine kabisa."

"Nani ameijaribu?"

"Mi."

"Na panya?"

"Hata panya hajaionja, dada." Akacheka.

Niamini, nilivutiwa. Akanieleza kwamba inapanda polepole, masaa mengi. Mtu hudhani imekataa, huongeza, kisha zote mbili humfikia pamoja. Tena hubana mishipa ya damu, vidole vikapoa. Ikishaingia hukaa siku nzima na zaidi, wala hakuna dawa ya kuizima. Hayo aliyajua kwa mwili wake mwenyewe, akayaandika katika daftari. Mengine hakuyajua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Nikamsihi aache.

"Bon, mara moja tena," akajibu.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nilikuwa namhudumia Mama Riziki, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyekuja kununua kwinini ya mjukuu wake. Anselme akaingia, miguu mitupu. Mboni zilikuwa zimepanuka hadi macho yote yakawa meusi. Akaweka mikono juu ya kaunta, nami nikaishika bila kufikiri. Ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Dada, ambia Selemani avunje mulango ya chumba yangu," akasema. "Niliongeza."

Akatoka. Mama Riziki alikuwa amejikunyata.

"Ule mutu iko na nini? Amepita karibu yangu, baridi imeniingia mpaka kwa mifupa!"

Nikatoka mbio kumfuata. Barabara ilikuwa tupu, juu na chini, na ukuta wa upande ule hauna mlango hata mmoja. Alipotelea wapi?

Nikazunguka hadi nyumba ya wageni. Nilimkuta Selemani ameketi kwenye ngazi.

"Anselme? Hajatoka. Tangu asubuhi mi niko hapa."

Chumba kilikuwa kimekomewa kwa ndani, na dirisha lina nondo. Selemani akausukuma mlango kwa bega mpaka ukavunjika. Anselme alikuwa sakafuni, anatetemeka mwili mzima, meno yameumana, vidole vina rangi ya majivu. Kando yake daftari lilikuwa wazi. "Saa tatu. Bado hakuna kitu." Chini yake: "Saa tano. Nimeongeza." Na mstari wa mwisho, herufi zikiwa zimelegea: "Dada wa farmasi amenishika mikono."

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliuliza amekunywa nini, sikuwa na jina la kumpa. Akatuliza ile mitetemo, akampasha joto, akangoja. Anselme alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa, vikakatwa.

Alipoweza kuongea nikamuuliza, "Ulikuja dukani?"

"Sijui. Nilikuwa natafuta mama yangu. Kila mulango nilifungua, nikakuta ni we, na mama moja ameshika kwinini."

"Na mama yako ulimwona?"

Akageukia ukuta. "Hapana. We tu."

Unga uliobaki aliumwaga mbele yangu, na siku hizi anafundisha watoto kemia. Mimi nimepekua kila kitabu kilichonifikia. Mboni naelewa. Mishipa naelewa. Lakini mikono ile niliyoishika juu ya kaunta? Mama Riziki naye alimwona, na yeye hakuwa ameonja chochote. Tangu hapo, mtu akiingia dukani wakati wa jua kali, namshika mkono kwanza ndipo namsikiliza. Wateja wamezoea.

Basi mtu akikuletea unga na kukuambia haujawahi kumdhuru yeyote, muulize wameunywa wangapi. Akinyamaza, rudi nyuma. Usijidanganye kwamba ukizidiwa utapata njia ya kuja kuniita. Anselme mwenyewe hajui aliipataje.