Kurudi kutoka Chisenga na Toga

Mimi naogopa ziwa Mweru. Nasema wazi, hata mbele ya wavuvi wa pwani ya Kabuta wanaonicheka. Nililivuka mara ya kwanza tukikimbia vita Kongo, mimi na binti yangu akiwa bado mudogo, na tangu siku ile nikisikia maji yanapiga mbao za boti nashika kitu chochote kilicho karibu. Mutu akitaka kucheka, acheke, lakini asiniambie nitazoea.

Sasa utauliza nilitafuta nini ndani ya boti na wanawake wa chama. Bon, nieleze.

Tawi letu la wanawake waliosoma yunivasiti lilianzishwa na mwalimu wa sekondari hapa Nchelenge, Mzambia, mwanamke mrefu anayetembea kama amechelewa hata siku ya Jumapili. Ndiye mwenyekiti, na sisi tunamwita cheya. Alitaka wanawake wote wenye digrii upande huu wa ziwa wakutane Jumamosi, vichwa vyao visiote kutu. Mwanzoni walikuwa walimu, manesi na mama mmoja wa ofisi ya kilimo. Sisi wakimbizi wa kambi ya Mantapala tulipobisha hodi, wengine wakauliza diploma zetu ziko wapi. Mutu anayekimbia risasi anabeba sufuria, habebi diploma. Niliwaambia hivyo hivyo, na sikuwaambia kwa sauti ndogo. Ndipo cheya akaweka desturi: anayetaka kuingia asimame mbele ya ubao awafundishe wenzake kile alichosomea, mpaka waseme yatosha. Mimi nilisomea kemia Lubumbashi. Nikawafundisha kwa nini chumvi inazuia samaki kuoza, nikamgombeza mmoja aliyesinzia, wakanipokea.

Kazi yetu kubwa ni wasichana. Mtihani wa mwisho wa sekondari ukikaribia, hawakosekani wanaoacha shule na kwenda kisiwani Chisenga kukausha chisense, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye kambi za wavuvi. Kule mwanamke akitaka samaki wa kuuza, wako wavuvi ambao hawaridhiki na pesa tu. Kwa hiyo tunavuka, tunaongea na wasichana, na yule anayekubali tunarudi naye, anakaa kwa cheya mpaka amalize kuandika. Na iko desturi ya kurudi. Msichana anavalishwa toga ya cheya, joho lile jeusi la siku ya kupokea digrii, anakaa mbele kabisa ndani ya boti. Wanawake waliobaki pwani wanamwona kutoka mbali, wanapiga vigelegele, na wadogo zake wanatamani kusoma. Ni desturi nzuri. Iliwazwa na walimu, na mwalimu anawaza ubao kabla ya kuwaza maji.

Mwaka jana msichana wa kufuatwa alikuwa binti yangu.

Tuligombana juu ya masomo. Aliniambia, "We ulisomaka, mama, na leo unalima mihogo." Neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikamjibu kwa mdomo wangu huu ambao Mantapala nzima inaujua. Nikasema, "Nenda basi. Lakini siku utaniletea aibu, usirudi kwangu." Asubuhi mkeka wake ulikuwa mtupu. Jirani akasema amemwona na mama mmoja muuza samaki, wanaelekea ziwani.

Kuanzia hapo nikawa mutu wa hofu, mwezi baada ya mwezi. Niliogopa nikiwa shambani, niliogopa kanisani, simu ikilia niliogopa zaidi. Wenzangu wa chama hawakuniuliza mengi. Mtihani ulipokaribia, cheya akaniita mama kwa Kibemba, akasema tu, "Bamayo, tunavuka Jumamosi. Na wewe utakuja."

Tulimkuta kisiwani anageuza chisense juani, amevaa sweta kubwa ya kiume, na jua lenyewe la kuchoma mutu. Amekonda uso. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumchapa, sikufanya lolote. Cheya ndiye aliyeongea naye. Akakubali upesi, hata sikuamini. Toga ilipotolewa kwenye mfuko, akaishika mwenyewe, akajitenga nyuma ya kibanda kuvaa, akarudi imefungwa mpaka shingoni. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikajisemea, ameona haya, mutoto amerudiwa na akili.

Toga ni pana, jaketi la kuelea halikai vizuri juu yake. Kwa hiyo kila mwaka msichana hulikalia jaketi lake kama mto. Hivyo ndivyo alivyolikalia.

Upepo ulitukuta katikati. Mchana ulikuwa mweupe, mara upande wa Kongo ukawa mweusi, na mawimbi yakaanza kuja ubavuni. Mwenye boti akapunguza mota, akatuambia tuteke maji ndani tuyamwage nje. Nikateka kwa sahani. Nilisali kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na Kibemba changu kibovu nacho kikatoka.

Wimbi moja likaingia lote. Toga ikanywa maji, ikamvuta binti yangu mpaka akapiga magoti kwenye sakafu ya boti. Mwenye boti akapiga kelele, "Tosha ile nguo, ivue. Vaa jaketi. Ukianguka na ile, utashuka sawa jiwe."

Nikamtambalia. Nikamwambia avue. Akatikisa kichwa. Nikashika kola, naye akaishika toga kifuani kwa mikono miwili, na ubavu wa boti ulikuwa karibu kulala majini. Nilimpigia kelele sijui maneno gani. Alikuwa analia na kusema, "Mama, hapana. Mama, niache hivi hivi." Nilidhani hofu imemharibu kichwa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata risasi hazikunifanya vile.

Cheya ndiye aliyechukua kisu cha samaki cha mwenye boti. Akaikata toga yake kutoka shingoni mpaka chini, digrii yake yote, akaitupa ziwani bila kuitazama.

Ndipo nikaona. Sweta ilikuwa imelowa, imemganda, na tumbo lilikuwa pale, la mwanamke aliye karibu kujifungua. Cheya akamvisha jaketi, akafunga kamba juu ya tumbo. Wimbi lingine lilikuwa linakuja, na binti yangu hakulitazama. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Nikaelewa kwamba alikuwa amekubali kuzama kuliko mimi nione. Mutoto wangu aliniogopa mimi kuliko ziwa.

"Ulisema nisirudi," akaniambia.

Maneno nilikuwa nayo, usifikiri yaliisha. Nani, lini, na ulifikiri nini. Yote yalikuwa mdomoni, na maji yalikuwa yanatufika kwenye vifundo vya miguu. Nikauliza, "Unasikia baridi?"

"Ndiyo, mama."

Nikamshika mpaka boti ikagusa matete ya Kabuta. Wanawake wa chama walikuwa pwani, midomo tayari kwa vigelegele. Walipomwona anashuka, mmoja wao akavua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho.

Aliandika mtihani. Shule zetu zinamruhusu msichana mwenye mimba kuandika, na cheya alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kuhakikisha hakuna atakayejifanya amesahau. Desturi ya kuvuka na toga tumeiacha. Mjukuu wangu sasa anakaa, anajaribu kutambaa. Watu wa kambini wananiuliza kama nimemsamehe binti yangu. Wangemwuliza yeye kama amenisamehe mimi. Kila asubuhi ninamwuliza, polepole kadiri ninavyoweza, kama amelala vizuri, na mpaka leo anautazama kwanza mdomo wangu kabla ya kujibu.